Mama Alisema Anakuja

Tuna neno moja la ajabu, na wenyewe hatujisikii tunapolitamka. Mtu anavaa viatu, anabeba mkoba, anakupa mgongo, anafungua mlango, halafu anakwambia, "Nakuja." Huyo anaondoka zake, na mdomo wake unasema anakuja. Hakuna anayeshangaa. Kila mtu anajua maana yake ni kwamba nakwenda lakini nitarudi, usinifungie mlango.

Katika mtaa ule kulikuwa na mtu mmoja tu aliyelichukua neno hilo kama lilivyo, na huyo alikuwa binti wa fundi makochi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na kidogo, mrefu kama baba yake, na baba yake alimpachika jina la Hakimu kwa sababu hakuliachia neno lililopinda lipite. Ukimwambia akae chonjo, atakuuliza chonjo kiko wapi akakae. Ukimwambia ashike adabu yake, ataangalia mikono yake, kisha meza, kisha chini ya meza. Hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa anaitafuta kweli.

Daktari alikuwa amewaambia wazazi kwamba mtoto ana usonji. Fundi alipompelekea dada yake habari hiyo, dada mtu akasikia "sponji." Akaja mbio, akasimama katikati ya karakana, akayanyooshea kidole mabunda ya sponji aliyokuwa akiyatumia kaka yake kushindilia makochi. "Nilikwambia mavumbi haya yatamdhuru mtoto!" Akataka yote yatolewe nje siku hiyo hiyo. Mke wa fundi alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo kila mteja alipokuja kuagiza sponji, mume na mke walikwepa kutazamana.

Karakana yenyewe ilikuwa barazani, imeegemea ukuta wa sebule. Mafundi wenzake wote walikwishahamia kwenye ile bunduki ya pini inayoendeshwa na mashine ya upepo, ta-ta-ta-ta, kochi linavishwa kitambaa kabla chai haijapoa. Huyu aligonga misumari midogo mmoja mmoja kwa nyundo, mingine kaibana midomoni. Wateja walimtania kwamba amechelewa kuzaliwa. Hakuwaeleza kwamba aliinunua hiyo mashine, akaiwasha mara moja, na Hakimu akaziba masikio akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Aliiuza kwa hasara na hakuitaja tena.

Lakini fundi wa kweli wa nyumba ile alikuwa mama. Ni yeye aliyegundua kwamba mtoto akiambiwa mapema kitakachotokea, na kikatokea hivyo hivyo, basi dunia kwake inakalika. Kwa hiyo mama hakutoa neno asiloweza kulitimiza. Akisema wanatoka baada ya chai, chai ikiisha wanatoka, hata kama mgeni ndiyo kwanza ameketi. Akisema "nakuja," alikuja. Watu walimwona mkali, tena mwenye majivuno kidogo, anayeacha wageni sebuleni kwa ajili ya ahadi aliyompa mtoto. Alikuwa anajenga kitu, na kitu hicho kilikuwa kuaminiwa na mtoto asiyemwamini mtu kirahisi.

Asubuhi moja mama aliamka na maumivu ya kichwa yasiyosemeka, akashindwa hata kufunga vifungo vya gauni. Jirani akaleta gari. Mlangoni, akiwa ameshikiliwa na mumewe, aliinama kwa Hakimu aliyekaa kwenye ngazi, akamwambia, "Kaa hapa, mwanangu. Nakuja."

Akafia hospitali siku ya pili yake.

Hakimu akakaa hapo. Msiba ukaja, watu wakajaa, wakamruka miguu wakiingia na kutoka. Msiba ukaisha, viti vya kukodi vikarudishwa, naye yuko pale pale. Aliamka, akanawa, akaketi kwenye ngazi. Chakula alipelekewa hapo. Shule hakutaka kusikia. Giza likiingia ndipo alipokubali kuingia ndani, kwa kuwa mama hakuwa na desturi ya kutembea gizani. Mvua ikinyesha hakuondoka, na fundi alitoka na ile nailoni ya kufunikia makochi mapya akamfunika, akabaki amesimama karibu yake naye analowa.

Watu wakajitahidi kumweleza. Jamani, sisi ni hodari wa kulizunguka neno! Jirani mwenye gari alichuchumaa mbele yake akamwambia, "Mama yako ametutoka, mwanangu."

"Katokea mlango upi?" akauliza Hakimu. "Mlango ni huu, nami nimekaa hapa."

Mwingine akamwambia kwa huruma, "Mama hatunaye tena."

"Nani anaye?"

Wa tatu akaja na ya kwake, kwamba mama amelala. Hiyo ilimponza fundi. Mchana mmoja usingizi ulimpitia kidogo kwenye fremu ya kochi, akashtukia anafinywa mashavu, mikono, shingo, na binti yake anamlilia usoni, "Baba usilale! Baba usilale!" Usiku ulikuwa mgumu kwa wote wawili kwa muda mrefu baada ya hapo.

Mwalimu wake alipita siku moja kutoka shuleni kumjulia hali. Akakaa naye kidogo kwenye ngazi, kisha akamwita fundi pembeni. "Mwambie kwa neno lenyewe," akasema. "Hayo mengine yote yana maana mbili, na yeye anachukua ile ya kwanza."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Neno lenyewe alilijua. Lakini shangazi wa mtoto, yule dada yake wa sponji, alikuwa amehamia kwao tangu msiba ili awapikie na kuwafulia, naye alisikia akaja juu. "Kufa ni kwa mbuzi na kuku! Wifi yangu hakufa, alifariki. Utamtamkiaje mtoto neno kama hilo kwa mama yake mzazi?"

"Hajui kufariki ni nini, dada."

"Basi mimi nitamweleza kwa upole."

Si kwamba shangazi alikuwa na roho mbaya. Aliacha nyumba yake akaja kulala kwenye mkeka sebuleni. Mkononi alikuwa na alama ya meno ya Hakimu, ya siku alipojaribu kumvuta kutoka kwenye ngazi, na hakumlalamikia mtu. Alimpenda mtoto wa kaka yake, ila alimpenda kama mtu anayengoja apone.

Fundi naye hakubisha sana, na sababu yake hakumwambia mtu. Kila alipoinua macho kutoka kwenye kazi na kumwona binti yake pale mlangoni, macho njiani, kuna kitu ndani yake kilitulia. Alijua mkewe yuko kaburini, yeye mwenyewe alitupia udongo. Lakini maadamu kulikuwa na mtu mmoja nyumbani anayemngoja kwa uhakika, mkewe alikuwa bado mtu wa kungojwa. Alijionea aibu kwa mawazo hayo, na aliendelea kuyawaza.

Shangazi akamweleza kwa upole kama alivyoahidi. Alimshika mabega jioni moja akamwambia, "Mama ametangulia, mpenzi. Yuko mbele. Sisi sote tutamfuata."

Hakimu alimtazama kwa muda, akaridhika, akaingia ndani akalala mapema. Shangazi alimtupia kaka yake jicho la "umeona?"

Asubuhi ngazi ilikuwa tupu. Viatu vya shule havikuwepo. Fundi alitema misumari, akakimbilia barabara kubwa bila kuuliza, maana ukitoka mlangoni kwao na kwenda mbele tu, bila kukata kushoto wala kulia, barabara hiyo ndiyo unayoikuta. Alimpita muuza maji, akapita kituo cha mafuta, akapita mzunguko, na koo lake likawa linatoa sauti asiyoifahamu. Akaona lori limesimama kombokombo katikati ya njia, alama nyeusi za matairi nyuma yake, dereva kashuka, kashika kichwa. Mbele ya lori alikuwa amesimama Hakimu, mzima, mikono masikioni kwa ajili ya honi.

"Mama yuko mbele," akamwambia baba yake. "Shangazi kasema tumfuate. Twende."

Dereva alianza kufoka, akamwangalia fundi usoni, akarudi kwenye usukani. Fundi alimshika binti yake mkono, jambo ambalo Hakimu hakulipenda kwa kawaida, akamrudisha nyumbani.  Shangazi aliwapokea mlangoni kwa kilio, lakini fundi alimpita, akaketi kwenye ngazi, akamwambia mtoto akae kando yake.

"Mama hayuko mbele," akasema. "Mama amekufa."

Nyuma yake alimsikia dada yake akivuta pumzi. Hakugeuka.

"Mwili wake uliharibika kichwani. Ukaacha kupumua. Mtu aliyekufa hapumui, haoni, hasikii, hawezi kutembea. Hawezi kuja. Mama hatakuja."

"Mama alisema anakuja."

"Alisema."

"Alinidanganya?"

 Fundi aliona kazi yote ya mkewe, miaka yote ile ya kutimiza kila neno, iko juu ya jibu hilo moja. "Hapana," akasema. "Mama hakukudanganya. Alitaka kuja. Hakujua kwamba atakufa."

"Hakujua."

"Hakujua, mwanangu."

Hakimu aliliweka neno hilo mahali pake. Ilichukua muda, na uso wake haukubadilika. Halafu akasimama, akaingia ndani, akaanza kugonga kichwa ukutani, kwa nguvu, sauti ikisikika mpaka barabarani. Fundi alinyakua kipande cha sponji karakanani, akakiweka kati ya kichwa na ukuta, akakishikilia hapo kwa mikono miwili huku mtoto akigonga na kulia. Shangazi akaja akashika upande wa pili. Walishikilia hivyo wote wawili, hadi mtoto akachoka akateleza chini.

Hakukaa tena kwenye ngazi. Baada ya muda alirudi shule, na kila aliyekutana naye alimpa habari kama ilivyo: "Mama amekufa. Hatakuja. Hakujua." Watu walishtuka, wakamtazama fundi kwa lawama. Yeye aliinama kwenye kazi yake. Kila alipoinua macho mlangoni sasa hapakuwa na mtu, na ilikuwa kama mkewe amekufa upya, safari hii bila watu kuja kumpa pole. Alilia sana kipindi kile, kuliko alivyolia msibani, uso kwenye kitambaa cha kochi, misumari kaitema kwanza ili isimchome.

Shangazi alirudi kwake. Ana watoto, ana mume, hawezi kulala sebuleni kwa watu milele.

Siku ya mapumziko, wakinywa chai wawili tu, Hakimu akauliza, "Baba, na wewe utakufa?"

Angeweza kumwambia, aah, mimi bado nipo nipo sana. Ulimi ulikwishaanza kuliunda neno. "Ndiyo," akasema. "Watu wote hufa."

"Leo?"

"Sijui. Sidhani."

"Ukifa, nitakaa na nani?"

Fundi aliweka kikombe chini. Swali hilo alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu mtoto angali mdogo. Hata na mkewe hawakuwahi kulitamka kwa sauti. Mmoja akilikaribia, mwingine alikuwa akiinuka kwenda kuangalia maji jikoni. Sasa limeulizwa mezani kwake na mtu asiyekubali jibu la juujuu. "Twende tukamuulize shangazi," akasema.

Walimkuta anapiga pasi sare za wanawe. Alifurahi kuwaona, akamlalamikia kaka yake kwamba amekonda, akamwekea Hakimu kiti karibu na dirisha. Hakimu hakukaa. Fundi naye hakukaa, akasema lililomleta.

"Dada. Nikifa, utamchukua?"

"Haya, ndiyo maneno gani hayo unaniingilia nayo?" Shangazi alicheka kidogo. "Mungu atakupa umri mrefu."

"Nimeuliza nikifa."

"Kaka, huyu si mtoto wetu sote? Mambo hayo tutayaona huko mbele."

Fundi alimtazama. Hakuwa na hasira naye hata chembe. Aliiona ile alama mkononi mwake, imebaki kama kovu sasa, aliwaona watoto wake wakichungulia mlangoni, alimwona shemeji yake kwa mawazo, mtu asiyependa kelele. Alijua ni swali zito kiasi gani kumtwisha mtu aliyesimama na pasi mkononi. Lakini alisubiri.

Shangazi alishusha macho, akaanza upya kunyoosha mkono wa shati uliokwishanyooka. Akaupitishia pasi, akaugeuza, akaupitishia tena.

Hakimu alikuwa amesogea mpaka mbele ya meza, anamtazama midomo, anangoja.

"Baba," akasema hatimaye, "shangazi hajajibu."