Jina Lililozidi Boksi

Kwenye steshenari moja hapa Tanga, nikiwa hoi kwa foleni, mbele yangu alisimama mama aliyetoka Pangani alfajiri. Aliiweka kadi ya harusi mezani, akaburuta kidole chini ya majina ya wazazi wa bibi harusi.

"Mwanangu, mie ndiye niliyemlea tangu ana miaka miwili. Mbona simo?"

Dada wa kompyuta akafungua faili, akashusha pumzi. "Umo, mama. Maandishi aliyonitumia baba mtu niliyaingiza yote, yakazidi boksi lake hapa kwenye skrini. Wewe ulikuwa wa mwisho. Ona hiki kialama chekundu, maana yake kuna maneno yamefichika."

Mama akainama, akakitazama sana. "Kwa hiyo nipo, ila sionekani."

"Ndiyo. Nikivuta boksi kidogo tu, unatokea."

"Basi vuta. Kwa huyo baba mtu nimekaa miaka kumi na minane, hakuna aliyevuta."

Foleni nzima tukajifanya tunasoma bango la bei.

Jina likatokea, chini kabisa. Dada akauliza achapishe ngapi.

"Wageni wameshapewa zao. Nichapie moja tu, nikamkabidhi baba mtu mwenyewe mkononi."