Mfuko wa Unga na Fomu ya Ajali

Gereji yetu ya mtaa wa Bel-Air, tunakotengeneza trela za wafanyabiashara wa jumla, ilikuwa na zawadi moja: miezi mitatu ikipita bila ajali kuandikwa, kila mfanyakazi anapata mfuko wa unga wa mahindi. Mwandishi wa ajali nilikuwa mimi. Zamani tulijaza karatasi, ikachelewa na hakuna aliyejali. Sasa mwajiri anatakiwa kutuma fomu kwa kompyuta kabla ya siku mbili kwisha, la sivyo aliyeumia anahangaika kupata matibabu. Miezi tisa fomu yangu ilikaa tupu, nami nikajiona malaika mlinzi wa gereji nzima.

Jumanne moja asubuhi, siku nne kabla ya zawadi, mchomeleaji wetu mkongwe, mtoto wa mfanyakazi wa reli, alinisalimu kwa kunipa kifundo cha mkono. Fundi mwenye grisi hufanya hivyo ili asikuchafue. Lakini kazi ilikuwa haijaanza, na shati lake lilinukia sabuni. Tena alikuwa amevaa glavu. Nikamwambia aivue, akacheka tu. Hasira zangu ziko karibu. Nikaivua mwenyewe, taratibu. Vidole viwili vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi. Mlango wa trela ulimwangukia jana yake, mafundi wote wakaona, wote wakapatana kunyamaza.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, usitume ile fomu. Benzetu beko nangojea bunga."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana kama hao wenzetu, hata mimi nilikuwa nausubiri unga huo kwa hamu. Nikamjibu, "Bunga itaisha mu mwezi moja, baba. Mukono je?"

Nikafungua fomu. Mafundi wakajaa mlangoni wamenuna kama wamefiwa, na mtandao nao ukagoma. Nikauliza nani ana megabaiti kwenye simu yake, kila mmoja akaisukuma yake mfukoni. Mwishowe fundi wa breki, aliyenuna kuliko wote, akaniwekea simu yake mezani bila kunitazama. Fomu ikaenda, na mzee akaenda hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika, lakini daktari alisema vidole vitapona. Nilifurahi hadi nikaimba ofisini, na sauti yangu si ya kuimbia watu.

Unga hatukupata. Wiki nzima waliniita mama wa njaa, nami nikacheka nao.

Kisha fundi wa breki akaja ofisini peke yake, akafunga mlango, akavua kiatu. Kidole gumba kilikuwa hakina ukucha. Jeki ilikiponda miezi mingi iliyopita. Baada yake akaja fundi wa rangi, ambaye kifua kilikuwa kinambana tangu mvua zilizopita. Nikafungua fomu ya pili, kisha ya tatu, ingawa siku zao mbili zilikuwa zimekwisha zamani. Miezi ile tisa nilikuwa nimebeba mifuko miwili nyumbani, nikapika bukari, ugali wa unga huo, kwa furaha, na wenzangu walikuwa wameilipia kwa miili yao.