Bibi Aliyesikiliza Chupa kwa Simu

Sauti iliyonishtua kwanza haikuwa ya kilio. Ilikuwa sauti ya vidonge vikigonga kuta za chupa ya plastiki, ikitoka kwenye simu iliyolazwa juu ya zulia, baina ya sahani ya tende na birika la kahawa, katika nyumba moja ya mji wa Ibra, huku nchi za Kiarabu. Mwenye nyumba, nesi mstaafu, aliinamisha sikio na uso wake ukabadilika. Wasomaji wangu, nesi yule amefariki. Alitutoka Jumanne iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, moyo wake ukiwa umesimama bila ya kumwarifu mtu. Nami niliyekuwa nimekaa pembeni siku ile na daftari mapajani, nimebaki kuwa mtu pekee, ukimtoa aliyeahidiwa, anayejua ahadi aliyoiacha. Ningependa kukuambieni kwamba niliitimiza siku yake ilipofika. Nilichokifanya ni kuitafakari.

Nilimjua kwa sababu ya masomo. Ninasoma shahada ya uzamili Nizwa, na tasnifu yangu inahusu jumuiya za tiba zenye kuwajibika: hospitali, vituo vya afya, madaktari na wafamasia wanaokubali kujifunga pamoja, wapimwe kwa uzima wa wagonjwa wale wale, badala ya kila mmoja kujibu kwa kipande chake tu. Mgonjwa akitoka hospitali, kituo cha kwao kijue. Kipimo kilichokwisha fanywa kisirudiwe. Dawa mbili zenye kazi moja zionekane kabla hazijamezwa. Niliambiwa kuwa Ibra kuna bibi, mzaliwa wa Unguja, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Sur, ambaye hata baada ya kustaafu bado anawafuatilia wagonjwa wake wa zamani kwa simu. Nilikwenda na mchoro wangu wenye visanduku kumi na vinne na mishale ya rangi tatu. Aliutazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wa jirani. "Ndani ya visanduku hivi mna watu?" akaniuliza. Nikamwambia mna taasisi. "Mimi nimekuuliza watu. Mgonjwa akianguka chooni, nani anaulizwa?" Nikajibu kwa fahari kwamba huo ndio msingi wa nadharia nzima: wanaulizwa wote kwa pamoja. Alicheka mpaka mtandio ukamteremka mabegani. "Wote! Na huyo Wote, mwanangu, ana namba ya simu?" Niliandika swali lile daftarini na kulitia alama ya nyota, ili nilijibu katika sura ya tano. Sura ya tano bado sijaiandika.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila Ijumaa mgonjwa hujaza chupa ndogo kwa vidonge vya wiki nzima, na bibi akipiga simu humwamuru aitikise. Kwa mlio peke yake alijua nani amekunywa dawa na nani anamdanganya. (Mimi, kwa umakini wangu, niliandika kwamba si vyema kuvitoa vidonge katika pakiti zake. Ni kweli. Vile vile ni kweli kwamba mimi sijawahi kumgundua mgonjwa yeyote kwa pakiti.) Jumapili ile niliyokuwapo alimpigia mzee mmoja wa kijiji cha uvuvi, mbele kidogo ya Ashkhara, ambaye bibi aliwahi kumuuguza Sur.

"Tikisa, bwana mkubwa."

Ukasikika mlio mnene, na ndani yake mwengine mwembamba. Hapo ndipo uso ulipobadilika. "Hizo chupa ngapi?"

"Mbili."

"Lini umeoa chupa ya pili?"

"Ya pili nimepewa hospitali, nilipolazwa safarini kwa binti yangu. Vidonge vizuri, vya rangi ya waridi."

"Na ile ya zamani umeiacha?"

"Kwa nini niiache? Haijanikosea kitu."

"Kizunguzungu je?"

"Kidogo tu. Jana ukuta umenidaka."

Bibi hakucheka. Alimtaka amsomee maandishi ya maboksi mawili, herufi kwa herufi, na ikadhihirika kuwa ni dawa moja ya presha, kutoka viwanda viwili, kwa majina mawili. Mzee alikuwa akinywa maradufu kwa utiifu kamili. "Uliporuhusiwa hukupewa barua ya kumpelekea daktari wa kwenu?" Alipewa. "Iko wapi?" Iko garini. "Inafanya nini garini?" Mzee akajibu, "Imekaa. Haijaniambia kuwa inataka kushuka."

Bibi alikata simu, akampigia daktari wa kituo cha afya cha kijiji kile. Daktari akaamua mzee asimamishe vidonge vipya, aendelee na vya zamani, na kesho yake apimwe damu. Majibu yakitoka Jumatano, ndipo itakapoamuliwa aendelee na kipi na kwa kiasi gani. Bibi akampigia tena mzee, akamrudishia maneno yale mara tatu, kisha akamaliza: "Nitakupigia Alhamisi. Nikikuta hujenda kuchukua majibu, nitakuja huko na bakora." Mzee akasema bakora ile anaijua tangu Sur.

Mtanisamehe nikisema kwamba siku ile nilirudi Nizwa nikiwa na furaha. Nilikuwa nimepata mfano wa kufungulia tasnifu. Hospitali ilitenda wajibu wake: ilimtibu na ikaandika barua. Kituo kilitenda wajibu wake: kilimpa dawa zake za kila mwezi. Mgonjwa naye alitenda wajibu wake: alikunywa kila alichopewa. Hapakuwa na mzembe hata mmoja, na mzee alikuwa karibu kuvunjika nyonga. Hatari yote ilikaa katika nafasi baina yao, na nafasi ile ililindwa na bibi mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo. Jumuiya ninazozisoma zimebuniwa ili nafasi hiyo iwe na mwenyewe anayejulikana, isitegemee huruma ya mtu. Niliandika aya safi sana juu ya jambo hili. Jumanne, nikiwa bado naing'arisha aya hiyo, ujumbe wa msiba ukaingia katika simu yangu.

Nilikwenda Ibra kuhani. Alhamisi ilinikuta nimekaa miongoni mwa wanawake, kikombe cha kahawa mkononi, nami nikaikumbuka ile simu. Nikajiambia kuwa bila shaka kituo kitampigia mzee. Kisha kwamba bintiye atampigia. Kisha kwamba huenda marehemu alimwachia mtu maagizo, ingawa mtu pekee aliyekuwapo alipoahidi ni mimi. Kila mmoja ana yakini kwamba mwengine amekwisha piga. Nimeieleza hali hii katika kurasa ishirini na mbili, pamoja na marejeo, na sikuitambua iliponikalia kifuani. Ikaingia Ijumaa, ikaingia Jumamosi, siku za mapumziko huku, vituo vimefungwa. Nilikuwa na namba ya mzee, niliyopewa kwa ajili ya utafiti. Nikajiuliza kama ni halali kuitumia kwa jambo jengine. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwengine wenye aya tatu na kichwa cha khabari. Nikamwandikia msimamizi wangu kuomba mwongozo wa kimaadili. Alinijibu kwa mstari mmoja: "Huyo mzee yu hai?"

Jumapili asubuhi nilianza na kituo cha afya, kwa kuwa kule ningeweza kujificha nyuma ya cheo changu cha utafiti. Muuguzi aliyepokea alinisikiliza, akaniambia kwamba majibu yapo tangu Jumatano, lakini hawezi kunieleza mimi nisiyekuwa jamaa wa mzee. Mzee aje mwenyewe, leo hii. Nikamuuliza kwa nini hawakumwita. "Tulikuwa tunamngoja bibi wa Ibra apige," akasema. "Siku zote yeye ndiye anayepiga."

Basi wote tulikuwa tukimngoja maiti. Hapo ndipo nilipoelewa nusu mbili za somo ambalo nilikuwa na nusu yake moja tu. Bibi alikuwa na haki ya kuucheka mchoro wangu, kwa sababu dhamana isiyo na jina la mtu wala siku ya kupiga ni mapambo. Lakini nami nilikuwa na haki kidogo mbele yake, na laiti ningemwambia akiwa hai: kazi iliyobebwa na moyo wa mtu mmoja husimama siku moyo huo unaposimama. Alistahiki kuwa na wenzake waliojifunga naye, wenye orodha moja, ambao Alhamisi wangemrithi kabla hata matanga hayajesha. Badala yake alikuwa na mimi.

Nikapiga. Simu ilipokewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Leo si Alhamisi," sauti ikasema.

"Shikamoo, babu. Mimi ni yule niliyekuwa kwa bibi, Ibra, nikiandika."

"Msichana wa daftari, bibi alinitajia. Mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki, babu. Jumanne."

Alisoma "inna lillahi" mpaka mwisho, polepole. Kisha akasema, "Na mimi nikidhani amenikasirikia."

Ilinibidi niuweke mkono kinywani. Nilipoweza, nikamwambia, "Tikisa, babu."

Ukaja mlio mnene, na ndani yake mwembamba. Zote mbili zimejaa. "Nilizijaza Ijumaa," akasema, "ya zamani na ya waridi. Niliambiwa ya zamani mpaka majibu ya Jumatano; baada ya hapo sikuambiwa ipi, basi sijagusa hata moja. Kichwa kinaniuma tangu jana. Kwa hivyo sasa wewe ndiye utakayenigombeza?"

"Ndiyo."

"Haya, gombeza."

Nikamgombeza, vibaya, kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba. Nikamwambia avae, amwite mwanawe amwendeshe kituoni sasa hivi, achukue chupa zote mbili, maboksi, na ile barua ya garini. Wanamngoja, majibu yapo. Akasema anakwenda. Nikamwambia nitamfuatilia.

"Utapiga," akaniuliza, "au utaandika?"

"Nitapiga, babu."

"Saa ngapi?"