Mbegu Tano za Koko

Wiki iliyopita, rafiki yangu, niliendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Alief hadi Garland, humu humu Texas, ili tu nikakione kile kijito cha nyuma ya apatimenti zetu za zamani. Nikakuta maegesho ya malori. Vichaka vyote vimefunikwa kwa saruji, ila mti mmoja wa miiba umeng'ang'ania uzio, umejaa vitunda vyekundu. Kwa Kiingereza unaitwa hothoni. Nikaegesha, nikashuka.

Nilikuwa na miaka tisa tulipohamia pale kutoka Uvira, Kongo. Bibi yangu, tuliyemwita Koko, hakuwa na shamba tena, basi kijito kikawa shamba lake. Jumamosi tulichuma vile vitunda, akavichemsha na sukari mpaka nyumba nzima ikanukia, nami nikisugua sufuria kwa kununa. Miti aliichambua kama maharage. "Jani iko nguo tu," alikuwa akisema. "Uangalie mbegu."

Mwalimu wetu alitutuma tukusanye majani, tuyabandike kwenye kadi zitakazotundikwa ukutani. Nilibandika matatu ya hothoni: moja la mviringo na moja lenye meno marefu, yote ya mti mmoja, la tatu, lililochanika kama kotimiri, la mti jirani wa aina nyingine; chini nikaandika: miti miwili. Mwalimu akanirudishia kadi na alama nyekundu: hii ni miti mitatu, si miwili. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, nikashindwa kujitetea. Kadi yangu peke yake haikutundikwa. Nililia njia nzima.

Kesho yake Koko alikuja darasani na tawi ndani ya kitenge. Akamwonyesha mwalimu majani ya namna zote mbili kwenye tawi lile lile. Kisha akatoa vitunda vya miti yote miwili, vyekundu sawasawa, akasema, "Madame, unipatie kisu."

Nikatafsiri. Mungu wangu! Kisu, shuleni, Marekani! Mwalimu alibadilika rangi. Koko hakubembeleza mtu. Alitia kitunda mdomoni, akang'ata, akatema mbegu kiganjani. Tano. Akang'ata cha mti jirani. Mbili.

"Haya. Iko miti mbili, hapana tatu."

Mwalimu alizihesabu mwenyewe, akacheka, akaikata alama yake, akanipa pini niitundike kadi kwa mkono wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga hawakukosea. Wiki nzima nilitembea kwa madaha, hakuna aliyeniweza.

Koko hayupo tena, kijito kimezikwa, na wanangu hula jemu ya dukani. Namkumbuka hadi inauma. Lakini pale kwenye uzio nilichuma kitunda, nikang'ata, nikatema mbegu kiganjani nikahesabu. Dereva wa lori alishusha kioo kunishangaa.

"Tano!" nilimpigia kelele, nimeinua mkono juu. Naye, bila kujua lolote, akanipigia honi.