Kipande cha Tatu cha Njia ya Waya

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa viatu vilivyonizidi mguu, koleo la kukatia waya, kamba ya kupimia visima, na daftari lenye jalada jeusi. Kisha Bwana Mkaguzi, Mzungu aliyekuwa na Kiswahili chake mwenyewe, akaniita dirishani, ghorofani pale Ndia Kuu, akanionyesha waya wa simu uliopita juu ya mapaa ya Mji wa Kale.

"Hii waya nakwenda mpaka Lamu," akasema. "Vita iko. Mtu nakata waya, hata mtu yangu, nafungwa. Wewe nasikia?"

Nikamjibu nasikia, bwana, huku nikijizuia kucheka. Nilikuwa kijana na kila kitu kilinichekesha.

Sasa mjukuu wangu na wenzake wamenunua mabegi ya mgongoni. Wanataka kuitembea njia ile kwa miguu, kipande cha wiki moja kila likizo, eti kwa kujifurahisha. Sisi tuliitembea kwa kulalamika. Ameniuliza waanze na kipande gani, nikashindwa kumjibu kwa mdomo. Ndiyo maana naandika.

Kazi yetu iliitwa kutembea waya. Njia nzima iligawanywa vipande vinne, kila kimoja mwendo wa wiki, na sisi watembezi tulikuwa wanne. Unakwenda nguzo kwa nguzo, unafyeka matawi yanayogusa waya, unatazama vikombe, yaani vile vifundo vya kaure vinavyoushika waya usiguse nguzo, na unaandika ulichokiona. Ukifika mwisho unaripoti, unapanda lori, unarudi Mombasa.

Kipande cha kwanza, Kisauni hadi Kilifi, kilikuwa cha starehe: madafu, na kila jioni mtu wa kukukaribisha. Cha pili kilikwenda Malindi. Cha nne kilikuwa na viboko lakini maji tele. Cha tatu, kutoka Malindi hadi Garsen, hakuna aliyekitaka. Siku nne za katikati hukukuta kijiji, na maji yalikuwa mahali pamoja tu, Kisima cha Mkwajuni, nusu saa nje ya njia. Ulibeba maji ya kukufikisha kisimani, hapo ukajaza tena. Vijana hudhani kipande huchaguliwa kwa urefu au kwa uzuri wa kutazama. Huchaguliwa kwa maji.

Tulichagua kila Jumamosi asubuhi mbele ya Karani Mkuu, mzee wa Kibokoni ambaye hata wakati wa joto alikuja ofisini na joho lake. Zamu ya kuchagua ilizunguka, wa kwanza leo akawa wa mwisho siku nyingine. Na kabla hujakipokea kipande, Karani alisoma kwa sauti daftari la aliyekitembea mwisho. Aliyeandika husimama, akamtazama machoni yule anayepokea, akasema, "Ndivyo." Mwenzako anakwenda kwa neno lako hilo. Ikijulikana umeandika kisima usichokiona, unarudishwa kipande kile kile siku ile ile.

Rafiki yangu katika wale wanne alikuwa Kahindi, mtu wa Kaloleni. Mimi nilikaa kwetu Bondeni, yeye na mkewe Sidi walipanga chumba Makadara. Alikuwa mrefu, mtani sana, na nguzo zote za kipande cha tatu alizipa majina ya shemeji zake, kwa kuwa, alisema, zinamkodolea macho na hazimpi hata maji ya kunywa.

Kaskazi moja nilikuwa nakitembea kipande hicho mbio mbio, maana Ijumaa ya wiki iliyofuata ilikuwa harusi yangu. Njiani nikakutana na wafugaji wa Kiorma, wakanijazia vibuyu vyangu. Nilipofika mkabala na Mkwajuni sikuwa na haja ya maji. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, ya nini? Mara zote nilizopita, kisima kilikuwa na maji. Nikaketi chini ya nguzo nikaandika: Mkwajuni, maji yapo, pima moja. Hata kamba ya kupimia kina sikuifungua.

Jumamosi yake, zamu ya kwanza ilikuwa ya Kahindi na ya mwisho ilikuwa yangu. Kila mtu alijua kitakachonibakia, na kwamba harusi ingenipita.

"Bwana Karani," akasema Kahindi, "zamu yangu mpe huyu bwana harusi. Mimi ntatukua kitakachosalia."

"Kitakachosalia wakijua, Kahindi."

"Nakijua. Shemeji zangu wote wako huko."

Tukacheka. Nikachagua kipande cha kwanza, ambacho nikikaza mwendo ningekimaliza Alhamisi, wale wawili wakachagua vyao. Karani akafungua daftari langu akasoma, "Kisima cha Mkwajuni, maji yapo, pima moja. Salimu, ndivyo?"

Nikasimama. Ningesema kweli, ningerudishwa mwenyewe siku ile, na watu walikwisha alikwa, mbuzi walikwisha nunuliwa. Kahindi alikuwa akinitazama, anatabasamu.

"Ndivyo," nikasema.

Nilioa Ijumaa. Siku hiyo hiyo Kahindi alitarajiwa Garsen, hakufika. Lori la watafutaji lilimkuta Jumanne. Fundi aliyemwona alitusimulia kwamba kisima kilikuwa mchanga mtupu, na marehemu aliuchimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Kisha alirudi kwenye njia akafa chini ya nguzo, koleo mkononi. Juu yake waya ulikuwa mzima. Angeukata, simu ingekufa, na mafundi wa Malindi wangeufuata siku hiyo hiyo mpaka palipokatika, wakamkuta yu hai. Naamini alilitoa koleo akiliwaza hilo. Lakini tulikatazwa kukata, naye hakukata. Aliishika amri yake mpaka mwisho, mimi yangu niliivunja kwa uvivu wa saa moja.

Bwana Mkaguzi aliandika kwamba marehemu alikuwa mzembe, hakubeba maji ya kutosha. Karani Mkuu aliniita peke yangu.

"Salimu, kisima kile ulikiona?"

"Nalikiona, bwana. Labda kimekauka baadaye."

Pima ya maji haikauki kwa wiki moja. Yeye alijua, nami nilijua kwamba anajua. Akalifunga daftari. "Mngu akuona," akasema, na hakunisemesha tena ila kwa kazi.

Baadaye nilipelekwa Malindi kuwa msimamizi wa mafundi, nikarudishwa kisiwani Mombasa kuwa karani, na mwishowe nikakalia kiti kile kile cha Karani Mkuu. Kila Jumamosi nilisikia watu wakisimama kusema "Ndivyo", na kila mara niliinamia daftari nisiwatazame machoni.

Sidi alibaki na mwana mmoja, Katana. Alianza kuuza mahamri Makadara, na kila asubuhi nilipokuwa mjini nilinunua mawili. Naye kila asubuhi aliongeza la tatu. "Hili la Kahindi," alikuwa akisema. "Mlikuwa mkipendana." Nililila hamri lile miaka na miaka.

Siku niliyostaafu walinipa saa ya ukutani na maneno mazuri. Nikalichukua lile daftari jeusi kabatini, nikaenda moja kwa moja kwa Sidi, nikamweleza yote tangu wafugaji hadi harusi. Alisikiliza mikono imejaa unga.

"Katana nalimwambia babake alikufa na homa, Baba Fatuma," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. "Nalimuonea haya marehemu. Nalidhani kweli alikuwa mzembe."

"Mzembe nalikuwa mimi, Mama Katana. Kisima sikukiona."

Alikuwa mke wa mtembezi, desturi yetu aliijua. Akanitazama machoni. "Ndivyo?"

"Ndivyo."

Akaomba daftari akampe mwanawe asome. Nikampa.

Basi, mjukuu wangu, anzeni na kipande mtakacho. Lakini Mkwajuni muende mkaone wenyewe, hata kama vibuyu vimejaa.

Asubuhi iliyofuata siku ile niliyompa Sidi daftari nilikwenda Makadara kama kawaida, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda. Sidi akanisalimu, akanifungia mahamri mawili gazetini. Nikangoja kidogo kwa mazoea. Akamgeukia mnunuzi aliyenifuata, nami nikaondoka.