Sijaelewa, Rudia

Mwalimu wa Kifaransa wa binti yangu alinipigia simu kazini kuniuliza maana ya neno la Kiswahili.

Sitanii.

Ilikuwa Jumatano, mwaka 2014, saa tano asubuhi. Nilikuwa namvalisha soksi bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Sydney.

"Apondi," Madame akasema, "'umeelewa' ni tusi?"

Nikaacha soksi kwenye kisigino.

"Si tusi. Ni kumuuliza mtu kama amefahamu."

"Ah. Na 'sijaelewa, rudia'?"

"Ni kumwambia hujafahamu, aseme tena. Kwani kuna nini?"

"Shirleen akimaliza ukurasa, anaweka kidole ndani ya kitabu, ananitazama machoni, ananiuliza, 'Umeelewa?' Nisipojibu, anaanza ukurasa upya. Jana alinirudishia mara tatu. Sasa darasa zima wanaulizana hivyo."

Nikamwambia nitaongea na mtoto. Nikamalizia soksi. Lakini kichwa kilikuwa kinazunguka, na nitawaambia kwa nini.

Binti yangu haongei Kiswahili.

Anakisikia, ndiyo. Nikimwambia leta kijiko, kijiko kinakuja, ila kinakuja na Kiingereza. Miaka sita nimemwongelesha, miaka sita ananijibu kama mtu wa televisheni. Sasa Kiswahili kimemtokea wapi, tena kwenye somo la Kifaransa?

Ngoja nianze mwanzo.

Shule ya Shirleen ilikuwa na darasa ambalo nusu ya siku watoto wanafundishwa kwa Kifaransa. Kila kitu, mpaka hesabu. Watu huniuliza kwa nini nilimpeleka huko. Huwa nasema ni kwa sababu ya maisha yake ya baadaye. Ukweli ni kwamba siku ya kuandikisha, foleni ya Kifaransa ilikuwa fupi, na mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku.

Lakini nilivyojisifu sasa! Kanisani, kwenye ushirika wa Wakenya, hakuna aliyebaki bila kujua.

"Shirleen wangu anasoma Kifaransa," namwambia Cherotich, mwenzangu wa kanisani.

"Ulishaniambia, Apondi."

"Nakukumbusha tu."

Shida ilianza na kitabu cha nyumbani. Kila jioni mtoto anakuja na kijitabu ndani ya mfuko wa plastiki na karatasi ya kutia sahihi. Mzazi unathibitisha kwamba mmesoma pamoja dakika kumi.

Siku ya kwanza nikakaa chini kwa moyo mweupe. Kusoma si ni kusoma? Sisi tumelelewa na Kiswahili, kila herufi na sauti yake, hakuna herufi iliyokuja kukaa tu. Nikafungua ukurasa uliokuwa na picha ya ndege, chini yake neno *oiseau*. Nikalisoma lote, sikubakisha kitu.

"O-i-se-a-u."

Mtoto akaniangalia kwa huruma.

"Mum, no."

"Linasomwaje?"

"Wazo."

"Wazo?"

"Wazo."

Nikahesabu herufi. Sita. Hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi yake. Nikafunga kile kitabu, nikatia sahihi, nikaenda kupika.

Na hivyo ndivyo tulivyoendelea. Sahihi ikawa inawekwa, kusoma hakuna. Miezi mitano. Nilijitia hamnazo nikasema shule ndiyo inafundisha, mimi ni mama, si kamusi.

Basi ikaja barua. Shirleen yuko nyuma. Mwisho wa muhula wa tatu watampima kusoma, na asipofika kiwango, atahamishwa kwenda darasa la Kiingereza pekee. Wiki kumi zilikuwa zimebaki.

Nitasema ukweli, cha kwanza nilichofikiria ni uso wa Cherotich.

Lakini jioni ile, nikitia nguo kwenye mashine, nikakuta kile kijitabu chini kabisa ya kapu la nguo chafu. Kimefungwa ndani ya taulo. Nikamwita.

"Shirleen, hiki kimefuata nini huku?"

Akakaa sakafuni. Akauliza kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza chake, iwapo yeye ni mjinga.

Jameni. Moyo wangu ulikatika. Nilisahau kanisa, nilisahau Cherotich. Nilijiona mimi ndiye nimemwingiza mtoto kwenye maji marefu halafu nikakaa ukingoni natia sahihi.

Asubuhi nikashuka ghorofa ya chini kugonga mlango wa Mzee Térence.

Térence ni Mrundi. Alikaa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Lidcombe, mtaa wetu wa Sydney, akafanya kazi ya kufunga maboksi kiwandani Smithfield mpaka mgongo ukakataa. Alikuwa anaishi na binti yake, Dévote, ambaye alifanya kazi kwenye maghala ya Wetherill Park kutwa nzima. Mtu mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya kutupa takataka.

"Mzee, wewe ni Mrundi, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Mimi ni Mrundi."

"Basi nisaidie. Mtoto wangu anashindwa kusoma Kifaransa. Njoo ukae naye, hata saa moja tu."

Akaangalia sahani niliyoshika. Chapati nane na maharagwe ya nazi.

"Nikae naye tu?"

"Ukae naye tu."

"Nitakuja," akasema.

Akawa anakuja Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, na tai shingoni. Wanakaa mezani, mimi niko jikoni na feni yangu inapiga kelele. Nilichokuwa nasikia ni sauti ya mtoto ikisoma polepole, halafu sauti nzito ya mzee:

"Sijaelewa. Rudia."

Mtoto anarudia.

"Bado sijaelewa. Hiki kinachofuata ni nini?"

Nikasema kimoyomoyo, huyu ndiye mwalimu. Walimu wa zamani hawa, hawabembelezi. Mtoto mpaka kieleweke. Nikawa naongeza siagi kwenye chapati.

Siku moja nikazima feni nikasikia hivi:

"Babu, hii ni wazo."

"Wazo gani?"

"Ndege."

"Sasa ni wazo au ni ndege?"

"Ni ndege. Lakini unasema wazo."

"Kwa nini?"

Halafu mtoto akasema, "O na i zikishikana mkono zinasema *wa*. E, a na u zikikaa pamoja zinasema *o*. S iko katikati inasema *z*. Umeelewa?"

"Sijaelewa. Rudia."

Mimi pale na mwiko mkononi nikatingisha kichwa kwa heshima. Nilidhani ni mbinu. Nilidhani mzee anamtega mtoto kwa makusudi ili afikiri. Hata nilimwambia Cherotich kwamba Warundi wana elimu yao, sisi tunachukulia mambo juu juu.

Hata Kiswahili kile kilichokuwa kinatoka kwenye mdomo wa mwanangu sikukisikia. Masikio yangu yalikuwa yanatafuta Kifaransa. Mpaka Madame aliponipigia simu ile Jumatano ndipo nikajua mtoto anaongea lugha ya nyumbani kwetu, na kwamba ameipeleka mpaka shuleni. Kumbe mzee hakuwa na Kiingereza cha kutosha, na mtoto ilibidi atafute njia ya kumfikia.

Siku ya kupimwa ikafika. Jioni Madame akapiga simu. Nilijibu nikiwa nimesimama.

"Amevuka," akasema.

Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Na nikuambie kitu. Kuna watoto wanasoma haraka kuliko yeye. Ukiwauliza wamesoma nini, wanaangalia dari. Shirleen anaweza kukueleza kila neno, na kwa nini linatamkwa hivyo. Nani anamsaidia nyumbani?"

"Jirani yetu. Mzee mmoja Mrundi."

"Mlete Ijumaa. Tunawashukuru wazazi."

Ijumaa Térence akatoka na suti. Suti ya kahawia, viatu vinang'aa, anatoa jasho. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, Mama Shirleen. Lakini si lazima niende. Mgongo."

"Mzee, twende. Leo ni siku yako."

Akanifuata kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Madame alipomwona alifungua mikono. Akamshika mkono, akamwaga Kifaransa. Alimwaga kweli, kama dakika nzima, anacheka, anaweka mkono kifuani, anamwonyesha Shirleen. Wazazi wote wametulia. Nami nimesimama kando, shingo imerefuka, nasubiri mwalimu wangu ajibu.

Térence akavuta pumzi. Akarekebisha tai.

"Sijaelewa," akasema. "Rudia."

Darasa zima la watoto likashangilia. Wao walidhani ni ule mchezo wao.

Mimi sikushangilia. Nilikuwa naangalia uso wa yule mzee, na uso ule haukuwa unacheza.

Ndipo Shirleen wangu akasogea, akamshika kidole, akamwinamisha. "Babu, Madame anasema asante. Anasema wewe ni mwalimu mzuri. Anasema angependa kujua ulisomea wapi."

Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi karibu na geti. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia popote.

"Mzee. Hujui Kifaransa?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Mwaka wa sabini na mbili tulipokimbia mauaji Burundi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nachunga mbuzi. Hakuna mbuzi aliyewahi kuniongelesha Kifaransa."

"Na hukuniambia?"

"Mama Shirleen, hukuniuliza kama najua Kifaransa. Uliniuliza kama mimi ni Mrundi."

Mtu anaitwa Térence, jina lina alama juu ya *e*, mlitaka nidhani anajua Kichina? Lakini ndiyo hivyo. Alivyosema ndivyo nilivyouliza.

"Kusoma chochote sijui," akaendelea, anaangalia viatu vyake. "Barua zangu ananisomea Dévote. Nilitaka kukukatalia. Lakini tangu nifike nchi hii kila mtu ananifundisha mimi. Namna ya kupanda treni. Namna ya kutupa taka, pipa jekundu, pipa la njano. Wewe ndiye mtu wa kwanza kugonga mlango wangu kutaka mimi nifundishe. Ningekukatalia vipi?"

Nikamgeukia mtoto.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Alishika kitabu juu chini."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kana kwamba hata swali langu halina adabu.

"Mama, ni mwanafunzi wangu."

Halafu akatoa kwenye begi kadi aliyoitengeneza mwenyewe. Ameikunja vibaya, gundi imetokeza pembeni. Juu ameandika asante ya Kifaransa, chini amechora kitu chenye mabawa. Akampa Térence.

Mzee akatoa miwani mfukoni, akavaa. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza. Kidole kile kimefunga maboksi miaka na miaka.

"Me... rsi," akasoma. "Ba... bu."

Akashuka mstari wa chini, penye ndege. Herufi sita. Akakaa nazo. Nilitaka kumsaidia, Shirleen akanikanyaga mguu.

"Wa," akasema mzee. "Wa... zo."

Akanigeukia mimi, macho yamejaa maji.

"Umeelewa?"

Nililia pale kwenye benchi mbele ya geti la shule, wazazi wa darasa la Kifaransa wanapita wananisalimia.

Sasa mnaosoma hapa na mna watoto kwenye shule za lugha msizozijua, nisikilizeni. Mtoto hahitaji mzazi anayejua. Anahitaji mtu wa kukaa mezani na kutaka kweli kuelewa. Miezi mitano niliona aibu kwamba sijui, nikajificha nyuma ya sahihi, na mtoto akajifunza kwamba kutojua ni jambo la kufichwa chini ya nguo chafu. Térence alijua machache kuliko mimi. Tofauti ni kwamba yeye alisema, "Sijaelewa."

Jumanne iliyofuata nilizima jiko saa kumi jioni. Nikavuta kiti, nikakaa kando ya Mzee Térence. Tukawa wanafunzi wawili. Shirleen akafungua kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza, akaweka kidole ndani, akatutazama.

"Mmeelewa?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Yeye alikuwa ameelewa.

"Sijaelewa," nikasema. "Rudia."

Binti yangu akapumua kama mwalimu wa miaka thelathini kazini.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, "leo utakaa hapa mpaka kieleweke."