Gauni Jekundu la Karungu

Wiki jana nilikuwa ufuoni Karungu, na mpaka sasa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Pale kuna mlingoti. Bendera nyeupe ikipanda, mashua ziende. Nyekundu ikipanda, kila mtu abaki nchi kavu. Asubuhi hiyo karani wa ufuo alisoma utabiri kwenye simu, akatangaza kwa sauti ya redio, "Mawimbi madogo, upepo wa kawaida!" Akapandisha nyeupe, akaenda kunywa chai.

Mama anayekaanga samaki hapo kando alikuwa amefua gauni lake la kwaya. Kamba yake ilikuwa imejaa, basi akalifunga mikono kwenye mlingoti. Gauni lenyewe, jekundu!

Mashua tatu zilizokuwa zimeshaondoka zikageuka mbio. Nahodha wa kwanza alishuka amefura. "Yawa, mama! Umeturudisha kwa sababu ya nguo?"

"Si uliache likauke kwanza," akajibu, akigeuza samaki.

Walikuwa bado wanazozana upepo ulipofika. Uling'oa bati la kibanda cha chai, karani akatoka mbio na kikombe mkononi, na ziwa likachafuka hadi hatukuona ng'ambo.  Nahodha yule alikwenda mlingotini akalikaza lile gauni fundo, lisije likapeperuka.

Kesho yake manahodha walimpita karani na simu yake, wakasimama mbele ya karai la mafuta.

"Mama, leo unafua?"

"Nafua."

Wakageuka kutazama kamba yake.

"Shuka nyeupe. Nendeni."